Spika tano zinalia lakini saraundi (sauti ya kukuzunguka) hamna

Jamani mwezi mzima nimekaa najidanganya. Nina sabufa ya spika 5 niliichukua Kariakoo, nikaiunga na laptopu kwa ule waya wenye pini ndogo ya hedifoni huku na pini mbili nyekundu na nyeupe kule, spika zote zikalia, nikaanza kuwatambia washkaji njooni kwangu muone muvi inavyoangaliwa. Siku hiyo nipo kwenye kochi, jamaa kwenye skrini anaongea mbele yangu halafu namsikia na mgongoni, maneno yale yale. Nikainuka nikatega sikio spika ya nyuma kushoto, nikaenda ya mbele kushoto, mulemule.

Kumbe tundu la hedifoni linatoa sauti mbili tu, kushoto na kulia basi, sabufa ikishapewa hizo mbili inazigawa kwa wote ili mradi kila spika ilie. Jirani yangu yeye akasema tumia HDMI, kumbe redio yake ya DVD tundu limeandikwa OUT na la laptopu nalo ni la kutoa, sasa nani anapokea?

Dawa niliyoipata ni saundikadi ya nje, kile kidude cha kuchomeka kwenye USB chenye matundu ya rangi rangi. Hakikisha imeandikwa 5.1, yaani spika tano na besi moja, maana zile ndogo za bei chee ni mbili tu kama kawaida. Kijani ni spika za mbele, nyeusi za nyuma, chungwa ni ya kati pamoja na besi. Unahitaji waya 3 kama ule wa mwanzo, zinaenda kwenye yale matundu 6 nyuma ya sabufa ambayo wengi hatujawahi hata kuyagusa, halafu kwenye rimoti unahamisha kutoka AUX kwenda 5.1. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mmsys.cpl, chagua hiyo kadi, Configure, 5.1, kisha Test, inalia spika moja moja.

Mimi ilipofika zamu ya spika ya kati ikaguruma kwenye besi. Nikapuuza, nikaweka muvi, watu wote wakawa wanaongea kama wamefungiwa kwenye pipa 😂 Nikabadilishana nyekundu na nyeupe za ule waya wa chungwa, ikakaa sawa. Kwenye VLC, ile programu ya kuchezea muvi, nako angalia kama faili lenyewe lina chaneli 6 (sauti sita tofauti), maana kama lina mbili spika za nyuma zitanyamaza tu, usije ukamlaumu fundi.

Mvua ikinyesha kwenye muvi sasa inanyesha mpaka nyuma ya kochi. Tatizo lililobaki ni waya za spika za nyuma, zinakatiza mlangoni, mama watoto kajikwaa mara mbili, kanipa mpaka Jumamosi.