Akamsihi Apande, Aketi Naye

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo letu la juma hili ni Matendo ya Mitume 8:26–40, habari ya Filipo na yule towashi wa Kushi. Tumezoea kuisikia siku za ubatizo, kwa sababu ya yale maji ya njiani. Leo naomba tusiyakimbilie maji. Tukae kwenye mstari wa 30 na wa 31, maana kazi iliyonilisha mimi na wanangu tangu ujana hadi kustaafu, yaani kisomo, kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, imo humo.

Mtazameni huyu mtu. Ni mkubwa wa serikali, mwenye kutunza hazina yote ya malkia. Ameketi garini mwake, ana chuo, yaani kitabu, cha nabii Isaya mkononi, kitu ambacho enzi hizo kilinakiliwa kwa mkono na hakikuwa cha kila mtu kumiliki. Kusoma anajua, tena anasoma kwa sauti, ndiyo maana Filipo alimsikia. Mara anatokea mtu wa miguu, anahema kwa mbio, hawajuani hata kwa jina, anamuuliza: "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Wakubwa wangapi wa leo wangeulizwa swali hilo barabarani wakakosa kumwita mlinzi? Yeye anajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Kisha Luka anaandika kwamba akamsihi Filipo apande na kuketi pamoja naye.

Filipo tumemsifu sana, na sifa zake ni halali: alitumwa akaenda, tena mbio. Lakini kwa macho ya mtu wa kisomo, ushujaa wa siku ile naona ulikuwa garini.

Nimefundisha watu wazima kusoma na kuandika, baadaye nikawa mratibu wa waliokuwa wakifundisha, na muda wote huo lililonishinda mara nyingi kuliko a, e, i, o, u ni kumpata mtu mzima aseme, "Sijui, nifundishe." Mtoto husema hivyo kila siku na hakumgharimu kitu. Mtu mzima ana wakwe, ana heshima yake kijijini, pengine ni balozi wa nyumba kumi. Kwa hiyo huzunguka. Mpe barua, atakwambia miwani kaisahau nyumbani, au macho yanamsumbua tangu juzi. Mzee mmoja alipopewa karatasi mbele za watu alimgeukia mjukuu wake akasema, "Hebu isome, nione kama huko shuleni mnafundishwa kweli." Nilimvulia kofia! Mtu aliyeweza kujificha kwa ustadi huo akili ya kusoma alikuwa nayo tele.

Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi mambo yalivyoanza. Mwaka 1964, Mwalimu Nyerere alipokuwa akiutambulisha Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, alisema lazima tuanze na watu wazima, kwa kuwa watoto wetu hawatakuwa na mchango katika uchumi wa nchi kwa miaka mitano, kumi, hata ishirini. Sensa ya 1967 ikaonyesha kwamba karibu watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mkesha wa mwaka mpya wa 1970 akautangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na zikachaguliwa wilaya sita za kutangulia, Ukerewe na Mafia zikiwamo, ziufute ujinga wa kutojua kusoma kabla ya 1971 kwisha. Huku Kanda ya Ziwa tulikuwa tumeshaonja, kwa sababu mradi wa kisomo cha manufaa, yaani kusoma kunakofundishwa kupitia kazi ya mtu, uliosaidiwa na UNESCO ulianza Mwanza mwaka 1968.

Walimu walitoka wapi? Wachache walikuwa walimu wa shule za msingi. Wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, nami nilikuwa mmojawapo baada ya miaka michache. Fikirini kijana ambaye ndevu hazijaota anasimama na chaki mbele ya baba yake mdogo, mama wa rafiki yake, na mzee aliyemchapa juzi tu kwa kuachia ng'ombe waingie shambani. Watu waliyaita madarasa ya ngumbaru, na jina hilo halikuwa la heshima. Wanafunzi walifika alasiri, jembe wameliegemeza mwembeni, mtoto mgongoni. Mikono iliyozoea mpini ilishika penseli kwa nguvu ileile, ncha zikakatika tusijue la kufanya. Wembe wa kuchongea ulizunguka darasani kuliko kitabu. Wanawake walijitokeza wengi zaidi ya wanaume. Mwanamume hakutaka mkewe amwone akikosea, na baba mkwe hawezi kubanana benchi moja na mke wa mwanawe, kwa hiyo mara nyingine ilibidi kupanga zamu mbili kwa ajili ya adabu tu.

Palikuwa na mama mmoja mkulima wa pamba ambaye siku ya kwanza alinieleza wazi: herufi hana haja nazo, anataka namba. Alitaka kuusoma mzani. Historia ya mizani ya pamba huku kwetu ni ndefu. Manung'uniko ya wakulima juu ya vipimo ni mojawapo ya mambo yaliyozaa vyama vya ushirika vya akina Paul Bomani miaka ya 1950, nchi haijapata Uhuru. Basi tukaanza na namba. Msimu wa kuuza ulipofika, alisimama ubavuni mwa mzani, na karani kabla hajafungua mdomo, mama akazitaja kilo kwa sauti. Hakumtuhumu mtu. Akasoma tu. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kumwomba awasomee na wao.

Mwaka uliofuata alirudi akataka herufi. Mwanawe alikuwa akifanya kazi mbali na alimwandikia barua, ambazo jirani ndiye aliyemsomea. Mama akaniambia, "Mwalimu, karatasi mbili zimejaa pande zote, yeye anamaliza kabla chai haijapoa. Kuna mahali anaruka."

Sasa rudini kwenye Matendo, mstari wa 35. Filipo alifunua kinywa chake, "akianza kwa andiko lilo hilo." Hakumwambia towashi afunge kile chuo waanze na Mwanzo sura ya kwanza. Alianzia pale kidole cha mtu kilipokuwa. Vitabu vya kisomo cha manufaa vilitungwa kwa akili ya namna hiyohiyo: kimoja cha pamba, kingine cha ndizi, kingine cha uvuvi, kingine cha maarifa ya nyumbani. Mvuvi alijifunza kusoma kwa maneno ya nyavu na samaki. Wapo walioviona vitabu hivyo ni vya kidunia mno, wakataka wakristo wafundishwe kwa Biblia peke yake. Sikukubaliana nao wakati ule na sikubaliani nao leo. Yule mama, baada ya mzani na baada ya barua, Zaburi alizifikia mwenyewe.

Kazi ilizaa matunda. Agosti 1975 nchi nzima ilifanya mtihani, wanakisomo wakapangwa kwa hatua nne, ya nne ikiwa ya mtu anayeweza kusoma gazeti na kuandika mapato na matumizi yake. Mwaka huohuo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa kwa sheria. Kufikia 1986 ilitangazwa kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya 10 katika 100. Kisha uchumi ukabana, posho za walimu zikakoma, magazeti ya vijijini yakapotea, na aliyejifunza asipate cha kusoma husahau. Kuna watoto pia waliokosa shule wakakua hivyohivyo. Sensa ya 2012 ilikuta zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila watano hajui kusoma. Ninayaandika haya bila kumlaumu mtu, ila nasikitika tunapozungumza kana kwamba kisomo ni habari ya enzi za Mwalimu, pamoja na redio za mkulima na magwanda ya mgambo.

Kwa sababu wasiojua kusoma wamo kanisani mwetu, Jumapili hii hii. Tunapotangaza, "Sote tufungue tusome kwa pamoja," wapo wanaofungua popote na kutikisa midomo. Wanazijua tenzi zote kwa moyo, kwa hiyo hutawagundua kwenye wimbo. Utawagundua kwenye kuzunguka mafungu, kila mmoja mstari wake: zamu ikikaribia, mama anatoka nje kumwangalia mtoto aliyelala fofofo. Tumewahi kushangaa kwa nini baadhi ya watu hawakanyagi vikundi vya Biblia vya nyumbani ingawa ibada kubwa hawaikosi. Tukawaita vuguvugu.

Simu nazo zimeleta aibu mpya. Ujumbe wa pesa ukiingia, bibi anamkabidhi mjukuu simu, na mjukuu anajua salio na namba ya siri. Bibi hana siri tena nyumbani kwake. Hata tafakari hii ninayoandika wapo watakaosomewa, na nawashukuru wanaowasomea. Tafadhali msiruke mahali.

Upande mwingine wa jambo hili ni sisi tunaosoma. Towashi alisoma vizuri, ila hakuelewa, na hilo ndilo alilokiri. Sura ya 18 ya kitabu hikihiki inamleta Apolo, mtu mwenye ufasaha, hodari katika Maandiko, anafundisha sinagogini, kumbe anaujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mafundi wa mahema, walipomsikia "wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi." Wakamchukua kwao! Hawakumsahihisha mbele ya wasikilizaji wake. Nami nashangaa kila nikisoma kwamba Apolo alikubali kwenda. Mhubiri mwenye jina, anaketi kwenye nyumba ya washona mahema, tena Prisila ndiye anayetajwa kwanza. Wahubiri wetu wangapi wangekwenda? Katika semina nilizoendesha, waliokuwa wagumu kuliko wote kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi walikuwa wenye vyeti. Elimu haina mwisho, tuliimba; wenye vyeti walidhani wimbo ule ni wa wenzao.

Na kuna mabinti. Wengine waliacha shule kwa ujauzito, kanisa likawatoa kwaya, likaishia hapo. Leo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia ya sekondari kwa waliokatishwa masomo, na wasichana hao ni miongoni mwa wanaokusudiwa. Kama wazee wa kanisa tunaweza kumwita binti tumwambie adhabu yake, tunaweza pia kumwita tumwambie ada tutachangia. Nimelisema hili kwenye kikao na nimeambiwa nivute subira. Nimevuta. Sasa nimeliandika.

Juma hili mkisali, mtajeni mbele za Mungu mtu mmoja mnayemfahamu ambaye miwani yake husahaulika kila siku. Msimwambie kwamba mmemtaja. Msimpelekee kitabu cha watoto chenye picha ya paka. Mtafuteni muulizane habari za shamba, za biashara, za mtoto aliye mbali, mpaka mjue ni karatasi gani inayomnyima usingizi: stakabadhi, kadi ya kliniki, ujumbe wa benki, barua ya baraza la ardhi. Anzieni hapohapo. Na akisema mwenyewe, "Nitawezaje, mtu asiponiongoza?" msimjibu kwa hotuba, kaeni naye.

Mchungaji amekubali chumba cha nyuma cha kanisa kitumike Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi jioni. Ubao upo, chaki zipo, na wembe wa kuchongea nimenunua wa kutosha. Anayekuja aje na daftari la mistari na kitu chochote anachotaka kukisoma, hata kama ni karatasi ya dawa. Wanaume wanaoona taabu kukaa na wakwe waje Alhamisi. Wanaotaka kusaidia kufundisha tuonane baada ya ibada, hasa vijana mliomaliza shule mnaosubiri ajira. Hamhitaji cheti, ila sharti ni kwamba hutamcheka mtu wala kumtaja nje. Somo la juma lijalo ni Nehemia 8:1–12, na ningependa yule atakayelisoma Jumapili aanze kulifanyia mazoezi leo.