Petroli ya Mjomba Haijawahi Kuiona Lami

Hii ni siku ya tatu tangu nishuke mwisho wa reli. Jana jioni nilikaa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, na mjomba wangu, mdogo wake mama, akijiandaa kuingia ziwani. Giza la mwezi limeanza, kwa hiyo ufukwe mzima ulikuwa na pilika: nyavu zinakunjuliwa, taa zinajaribiwa, vijana wanashusha madumu ya petroli kutoka kwenye bajaji. Mjomba hununua petroli hiyo sheli ileile wanakojaza wenye magari, kwa bei ileile. Anaileta ufukweni, anaimimina kwenye tangi la mashine ya boti, na adhan ya alfajiri ikiadhiniwa imeshaishia majini. Haijaona lami wala changarawe. Lakini kila lita ameilipia tozo ya barabara.

Nimekulia Ujiji na nimeyaona madumu hayo utoto wangu wote bila kuwaza habari ya tozo. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja jirani yetu kule Minnesota, Marekani, aliyemuuzia mume wangu pikipiki ya matairi manne.

Tunaishi karibu na Duluth, pembeni mwa Ziwa Superior. Ukilitazama asubuhi unaweza kudhani uko Kigoma, mpaka upepo ukupige. Kwa upana linalizidi Tanganyika mara mbili na zaidi, ila kina chake kinaishia mita 406 na la kwetu linafika mita 1,470, kwa hiyo maji mengi yako kwetu. Huwa nawaambia hivyo wenzangu kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, na hawaamini hadi watafute wenyewe.

Mume wangu ni mtu wa Sikonge, Tabora. Amekulia kwenye miombo, kwa baba aliyekuwa akirina asali na kutoka porini na madumu kwenye baiskeli. Kwa hiyo alipoiona ile pikipiki aliipenda papo hapo. Kiangazi anaburuta nayo kuni, na majira ya baridi ziwa dogo la jirani likiganda anavutia hema mpaka katikati ya barafu, anatoboa tundu na kuvua. Alilipa, wakapeana mikono, akaja nayo nyumbani. Hatukuuliza habari ya usajili. Akilini mwetu, chombo kisichoingia barabarani hakina haja ya namba.

Wiki chache baadaye askari wa maliasili alimsimamisha kwenye njia ya msituni. Akazunguka nyuma, akasoma namba, akamwambia kwa upole kwamba usajili umekwisha muda na bado uko kwa jina la mtu mwingine. Tukalipa faini. Siku ile mume wangu alikasirika sana. Aliniambia, “Mama Asha, hata msituni wananidai kadi?” Mimi ndiye niliyekwenda kushughulikia karatasi, na nilipokuwa kwenye foleni nikaisoma ile fomu kuanzia juu hadi chini.

Usajili ni wa aina mbili. Kama chombo chako kinafanya kazi shambani kwako tu, unalipa ada ndogo mara moja na basi, lakini hukanyagi njia za umma. Ukitaka kuingia njia za umma unalipa ada ya miaka mitatu, na fedha hiyo haiendi kwenye kapu kubwa la serikali ikapotelea humo. Inaingia kwenye akaunti yake maalumu chini ya Idara ya Maliasili ya jimbo, kwa ajili ya njia zenyewe: kuzikata, kuzitengeneza, kuweka vibao, kufundisha watu usalama, kuwalipa askari kama yule. Kijana aliyefikisha miaka 16 na amezaliwa baada ya 1 Julai 1987 hapandi kwenye njia hizo bila cheti cha mafunzo.

Lakini ada ni sehemu ndogo ya habari. Sehemu iliyonifanya nikae kwenye gari nje ya ofisi ile bila kuwasha injini ni ya mafuta.

Sheria ya Minnesota inakiri jambo ambalo mjomba amekuwa akilisema kwa maneno yake miaka yote: si kila petroli inayouzwa sheli inachomwa barabarani. Basi wamekadiria. Asilimia 1.5 ya petroli inahesabiwa kuwa imechomwa na boti. Asilimia 1 imechomwa na pikipiki za theluji. Asilimia 0.27 imechomwa na hizi za matairi manne. Yaani katika kila lita 1,000, lita 15 ni za boti, 10 za theluji, na karibu 3 za matairi manne. Kodi ya barabara iliyolipwa kwenye lita hizo inaondolewa kwenye barabara na kurudishwa kule mafuta yalikochomwa. Ya boti inakwenda kwenye shughuli za majini, ikiwemo sehemu za umma za kushushia boti. Ya pikipiki inakwenda kwenye njia za msituni. Serikali kuu ya Marekani nayo ina mpango wa namna hiyo ulioanzia kwenye sheria ya mwaka 1991, na kila jimbo likipata fungu lake, asilimia 30 ni kwa njia za vyombo vya moto, 30 kwa waenda kwa miguu, baiskeli na farasi, na 40 kwa njia zinazotumiwa kwa pamoja na watu wa aina mbalimbali.

Asilimia 0.27 si kitu ukiitazama kwenye karatasi. Nimekwenda kuona inavyokuwa ikifika ardhini. Mwaka jana theluji ilipoyeyuka, njia zikafungwa kwa sababu ya tope, kama ambavyo huwa kila mwaka. Zilipokaribia kufunguliwa, klabu ya waendesha pikipiki ya eneo letu ilitangaza Jumamosi ya kazi. Tulikwenda na watoto. Wazee wa miaka 70 walikuwa na misumeno wakikata miti iliyoanguka, vijana wakibeba mbao za kuvukia sehemu ya bwawa, akina mama wakipika. Ulikuwa msaragambo kabisa, nilijisikia niko kwetu. Tofauti niliiona mchana, mama mmoja alipokuja na daftari kukusanya risiti: mafuta ya misumeno, misumari, saa za trekta. Kaunti inaidhamini klabu, klabu inafanya kazi, kisha gharama zinarudishwa kutoka kwenye ule mfuko. Watu wanatoa jasho lao bure, ila kalavati hawalinunui kwa mifuko yao, maana walikwisha kulilipia walipokuwa wanajaza mafuta.

Nilimsimulia mjomba haya yote pale Kibirizi, kwa kirefu kuliko nilivyoandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, “Na hao wanaochoma petroli msituni, wanakwenda kufanya nini huko?”

Nikamwambia wengi wanakwenda kutembea tu. Kuona miti, kuvua, kupumzika.

Alinyamaza. Mimi nilisikia aibu, ingawa aibu ile haikuwa yangu. Mtu anayetembea tu anahesabiwa lita zake. Mtu anayelisha mji dagaa hahesabiwi.

Nisiwe mwongo: nyumbani mambo hayajasimama. Mfuko wa Barabara umekuwepo tangu sheria ya mwaka 1998, na kwa miaka mingi fungu kubwa lilikwenda barabara kuu na dogo halmashauri. Ikaja TARURA mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini, na kwenye bajeti ya 2021/22 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara hizo. Mimi mwenyewe nilifurahi. Nimeona makalavati ambayo hayakuwepo mama alipokuwa hai.

Lakini mwaka 2017 lilifanyika jambo jingine ambalo mjomba hajalisahau. Ada ya mwaka ya magari ilifutwa, ikabebeshwa kwenye mafuta: shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Wenye magari walishangilia, na sikuwalaumu, kwa sababu ada ile ilikuwa ikidaiwa hata kwa gari lililokufa uani. Mjomba hajawahi kumiliki gari. Wakati huo bado alikuwa anavulia karabai, na karabai zinakunywa mafuta ya taa usiku kucha. Kwa hiyo alilipia ada ya magari ya watu kwa taa ya kuvutia dagaa, na akalipia tena kwa mashine ya boti. Na juu ya hapo ana leseni ya chombo na leseni ya uvuvi, na anakaguliwa maboya. Chombo chake kimesajiliwa vizuri kuliko pikipiki yetu ya Minnesota ilivyokuwa. Kusajiliwa kumemletea wajibu. Sijaona bado kilichomrudia. Kwenye mwalo wa kijiji alikozaliwa, kule kaskazini, akina mama bado wanaingia majini hadi kiunoni na beseni kichwani kupokea samaki.

Na si majini tu. Mwanangu wa dada, nimwite Juma kwa kuwa hapendi jina lake liandikwe, anaendesha bodaboda huko Kalinzi, nchi ya kahawa, juu kwenye baridi. Pikipiki yake ina kadi na pleti ya MC kama sheria inavyotaka. Kuna barabara, ndiyo, lakini kazi yake kubwa haiko barabarani. Iko kwenye vijia vinavyotoka mashambani, magunia ya kahawa na mihogo nyuma, mama mjamzito mbele ya magunia wakati mwingine, korongo kushoto. Mvua za masika zikikata kijia, vijana wenyewe wa bodaboda ndio wanaojaza mawe na kutandaza magogo, kila mmoja akichanga alichonacho. Kijia hicho hakipo kwenye ramani ya barabara ya mtu yeyote. Kwa hiyo hakina fungu. Ila petroli ya Juma imechomwa humo.

Nikitazama njia hizi siwezi kuacha kufikiria ile ya zamani. Hapa Ujiji ndipo ilipokuwa ikiishia njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, na miembe yake bado tunakaa chini yake. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiikanyaga kwa miezi, na huko njiani watemi walitoza hongo. Siku hizo hongo ilikuwa ushuru wa kupita, unalipa ukapewa ruhusa, maji na amani ya nchi ile. Neno hilohilo leo tunalitumia kwa fedha inayotolewa gizani. Nadhani ndivyo neno linavyoharibika, mlipaji akikaa muda mrefu bila kuona alicholipia.

Mjomba ana hoja, na ni nzito. Anasema mkiutengenezea mfuko mwingine jina lake, mmewatengenezea watu mahali pengine pa kula. Anasema pia mkianza kuviandika vijia, kesho atatokea mtu na kitabu cha risiti kumdai hata mwenye baiskeli. Sikumpinga kwa haraka. Najua anachokizungumza, amekatiwa risiti nyingi. Lakini sidai ada mpya. Ada zimekwisha kulipwa. Ninachotaka ni mtu akae chini akadirie, kama walivyokadiria Minnesota, katika petroli inayouzwa Kigoma ni kiasi gani kinaingia ziwani na kiasi gani kinapanda vijia vya milimani, kisha kipande hicho, hata kama ni robo ya asilimia, kirudi kwenye mialo na vijia. Na kirudi kwa namna ile ya daftari na risiti, kupitia watu wanaofanya kazi yenyewe, wanakijiji wakiona kilichonunuliwa. Kigoma, kwenye ziwa lenye urefu wa kilomita 673, asilimia ya boti ikikadiriwa sidhani kama itakuwa 1.5.

Mume wangu alipopiga simu usiku nilimweleza. Akasema kwao Sikonge warina asali nao siku hizi wanaingia msituni na pikipiki, kwa hiyo nisiisahau Tabora.

Leo asubuhi Juma ameshuka kutoka Kalinzi kunisalimia. Amenikuta nimekaa na mjomba, ambaye alikuwa ametoka ziwani na macho mekundu ya usingizi. Tumezungumza tena. Juma hakusema mengi. Ameniomba daftari, nikampa moja la kurasa 96 nililokuwa nimewanunulia wadogo zake. Amechora mistari: tarehe, pikipiki zilizopita kijia cha kahawa, mzigo, lita. Wenzake wa kijiweni watapokezana kuandika kuanzia Jumatatu mpaka msimu wa kahawa uishe, kisha atalipeleka kwa diwani. Mjomba amelichukua, akaligeuza upande wa nyuma, na kwenye ukurasa wa mwisho ameandika kwa kalamu yake: Kibirizi, boti moja, usiku mmoja, lita arobaini.