Siku moja na rejista ya afya shuleni

Saa moja unusu asubuhi. Kawangware, mtaa wa Nairobi, imeshaamka, na Gredi ya 7 inaingia saa mbili kupimwa urefu na uzito. Utepe wa urefu unabandikwa ukutani, sifuri ikigusa sakafu. Mizani inawekwa kwenye saruji tupu, kisha inajaribiwa kwa robota la unga kutoka jikoni: pakiti 12 za kilo 2. Ikikosa kusoma kilo 24 na ushei kidogo wa karatasi, haitumiki.

Saa mbili. Viatu nje, sweta nje, visigino na mgongo ukutani, macho mbele. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni nywele. Msichana wa miaka 12 mwenye kilo 36 na mita 1.44 ana uwiano wa uzito na urefu wa 17.4 (uzito gawanya kwa urefu mara urefu). Fundo la rasta likiongeza sentimita 4, uwiano unashuka hadi 16.4. Bonyeza ubao wa kupimia juu ya kichwa hadi uguse fuvu. Fundo likizuia, lifunguliwe kwanza.

Kosa la pili ni baya zaidi: kutumia kiwango cha watu wazima. Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni wembamba uliopita kiasi. Kwa msichana huyu wa miaka 12, 17.4 ni kawaida kabisa. Ndiyo maana tarehe ya kuzaliwa huandikwa kabla ya uzito, ikinakiliwa kutoka cheti, si kwa kukisia.

Saa nne na nusu, baada ya chai, darasani. Swali halikosi: “Madam, mimi ni mtoto ama kijana?” Inategemea anayehesabu. Katiba ya Kenya ya 2010 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na kijana ni kuanzia 18 hadi kabla ya 35. Shirika la Afya Duniani huhesabu vijana balehe kuwa wa miaka 10 hadi 19. Umoja wa Mataifa huhesabu vijana kuanzia 15 hadi 24. Wa miaka 16 ni mtoto kisheria, na bado yumo katika hesabu zote mbili za kimataifa.

Kubalehe ni jambo jingine, la mwili. Kwa wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13, wavulana 9 hadi 14. Kuvunja ungo si mwanzo wake: matiti huanza kuchomoza kwanza, na hedhi hufuata baada ya miaka miwili hivi. Mama anayengoja damu ndipo azungumze na bintiye amechelewa.

Saa nane, ofisini. Katika fomu ya uandikishaji wa wanafunzi, “uandikishaji wa jumla” huhesabu kila aliyeandikishwa, wa umri wowote; “halisi” huhesabu wa umri unaostahili pekee. Tuseme eneo lina watoto 100 wa umri huo, 80 wameandikishwa, pamoja na 25 waliopita umri: jumla ni asilimia 105, halisi ni 80. Mwalimu akiona 105 hufurahi, na wale 20 walio nje hawaonekani popote.

Saa tisa, rejista ya mahudhurio. Msichana anayekosa siku tatu kila mwezi hajaacha shule, wala si mtoro. Aandikwe “amekosa,” na sababu iulizwe faraghani. Mara nyingi ni kukosa sodo, yaani pedi za hedhi. Pakiti moja inatolewa kabatini, na jina lake linabaki kwenye orodha ya darasa.