Siku moja maishani mwangu: kizee mchawi asubuhi, mlinzi wa usiku jioni

Saa 12 alfajiri. Nikishaswali sirudi kulala. Nakaa barazani hapa Kawempe, Kampala, skripti mapajani, naanza kuamsha taya na ulimi. Natamka vituo vya taksi vya Barabara ya Bombo, polepole kisha haraka: Bwaise, Kawempe, Maganjo, Kagoma, Kawanda, Matugga. Majirani wameshazoea, hata watoto wao huniitikia kutoka ndani.

Mimi ni mwigizaji. Watu wengi wananijua kwa sura kuliko kwa jina: yule mama mkwe mkali, yule askari jela, yule kichaa wa sokoni, yule shangazi aliyekuja matangani kudai shamba. Sijawahi kuigiza msichana anayechumbiwa, hata nilipokuwa na umri wa kuchumbiwa. Nina sauti nzito, mabega mapana, na uso ambao mwongozaji mmoja aliuita uso wa hakimu. Naupenda uso huu. Umenilisha na kuwasomesha wanangu.

Kazi ya leo asubuhi ni nusu ukurasa katika tamthilia ya televisheni. Skripti inasema: "Kizee mchawi. Anacheka." Jina hana.

Nikipewa mtu wa namna hiyo, jambo la kwanza ni kumtafutia kazi. Mchawi naye huamka, hula, hudaiwa kodi. Mchana anashughulika na nini? Mikono yake imechoka kwa nini? Kwa hiyo juzi nilikwenda soko la Owino, upande wa dawa za miti shamba, nikaketi karibu na akina mama wanaouza mumbwa. Mumbwa ni udongo uliochanganywa na majani ya dawa, ukafinyangwa na kukaushwa. Mjamzito huusugua juu ya jiwe kwa maji kidogo, akanywa kile kinachotoka. Buganda nzima inaujua. Nilikaa pale hadi mama mmoja akaniuliza nina mimba ya miezi mingapi, kwa umri huu! Nilichokifuata nilikipata: vumbi la udongo linaingia kwenye mistari ya viganja na halitoki, na mkono unaosugua haukazi hata kidogo. Uzito wote unatoka begani.

Saa 1 asubuhi. Taksi hadi Kalerwe, nyingine hadi Gayaza, bodaboda kumalizia. Foleni ya Kalerwe haina cha kusimuliwa.

Saa 3. Tunapiga picha kwenye boma la zamani lenye mgomba kila upande. Mwongozaji ni kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, ana adabu na ana haraka, maana nyumba imekodishwa kwa siku moja tu. Msichana wa mapambo anataka kunichora mistari myeusi usoni na kunining'inizia hirizi shingoni. Namshika mkono taratibu. "Mwanangu, ngoja kwanza nizungumze na bosi wako."

Naomba jiwe bapa, kibuyu cha maji, na ruhusa ya kutumia mumbwa nilioununua mwenyewe. "Huyu bibi ni mkunga," namwambia. "Amezalisha nusu ya kijiji hiki kabla wakunga wa jadi hawajapigwa marufuku. Sasa hawamwiti tena mchana. Wanamjia usiku, kwa siri, na asubuhi wanamwita mchawi."

Anatazama saa. "Lakini Mama, hapa anatakiwa kucheka."

"Tupige moja anacheka na moja anafanya kazi. Wewe utachagua."

Ninawaheshimu waongozaji wanaokubali jambo kama hilo, kwa sababu kila picha ya ziada ni pesa. Tulianza na kicheko. Nilikitoa chote, hadi kuku wakatawanyika. Kisha tukapiga ya pili. Binti mhusika mkuu anaingia uani, ana hofu, anasema maneno yake. Mimi nasugua. Simtazami usoni, natazama tumbo lake, kama fundi anavyotazama mlango alioutengeneza mwenyewe miaka mingi nyuma. Ninasukuma kikombe mbele yake. Basi.

Yule binti, mwigizaji mchanga mwenye kipaji, alisahau mstari wake unaofuata. Alikishika kikombe, akabaki amesimama. Mwongozaji hakusema "kata" kwa muda mrefu. Baadaye akaniuliza kama mumbwa unanyweka kweli, maana mkewe ni mjamzito. Nikamwambia apeleke swali hilo kliniki, siyo kwangu.

Sijui ni picha ipi itakayorushwa. Huo ni uamuzi wa mhariri, na mimi nimeshalipwa posho yangu. Ila nitasema hili kwa moyo wangu wote: nchi hii ina vikongwe wanaofukuzwa vijijini, wengine hata kupigwa, kwa tuhuma za uchawi. Kila tunapomweka kizee kwenye skrini acheke tu bila sababu, tunawapa watu ruhusa. Kwa hiyo nitaendelea kubeba mumbwa wangu mwenyewe.

Saa 7 mchana. Studio ya kurekodi sauti, Kamwokya. Nimekula rolex njiani, chapati iliyoviringishwa na mayai, nikiwa nimesimama.

Hapa nauza Kiswahili changu, nacho kina historia. Mimi ni Mnubi wa Bombo, wa jamii ya wazao wa askari waliotoka Sudan. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka Aprili 1979, Wanubi wengi walikimbia, kwa sababu sote tulihesabiwa kuwa watu wake. Wako waliokwenda Sudan. Sisi tulikwenda kwa jamaa za mama Kibera, Nairobi, mtaa ulioanzishwa na askari Wanubi wa jeshi la mkoloni. Nilikuwa mdogo. Kiswahili nilikilia na kukichekea huko, na tuliporudi Uganda baada ya 1986 nilikuta kwamba Kampala wanakiogopa. Kilikuwa lugha ya kambini na ya vizuizi vya barabarani, na majambazi walikuwa wakikitumia kuamuru watu walale chini. Jukwaani ilikuwa hivyo hivyo: akiingia mhusika anayesema Kiswahili, watazamaji walijua kuna mtu atakayepigwa.

Ndipo nilipoajiriwa mara ya kwanza, kuigiza askari wa kike kwenye kizuizi. Walihitaji mtu wa kupiga kelele kwa Kiswahili kisicho cha kubahatisha. Nilizipiga. Lakini nilimpa yule askari njaa. Alipopekua kikapu cha mama mmoja akakuta maboga, macho yake yalibaki kwenye maboga hadi akasahau kutukana. Watu walinyamaza ukumbini. Nilikuwa na mistari minne tu, na usiku ule niliamua kazi hii sitaiacha.

Leo nasoma tangazo la vyandarua vya mbu, kisha hadithi mbili za watoto. Hadithi hizo zinanifurahisha kuliko yote. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari, na tangu hapo wanaonipigia simu hawatafuti askari peke yake. Wanataka bibi msimuliaji, sungura, fisi, mwalimu. Kijana wa mitambo ananiambia, "Mama, fisi wako anatisha, mpunguze kidogo." Nampunguza. Anabaki fisi.

Saa 10. Tena Owino, sehemu ya mivumba, yaani nguo za mitumba. Natafuta koti zito la kiume la mazoezi ya jioni, la mlinzi nitakayemwigiza. Nililopata lina mfuko mmoja uliochanika, nami naufurahia: mlinzi atazoea kuukwepa.

Saa 12 jioni, Jumba la Taifa la Maonyesho. Naingia kwa nyuma, kupitia kijiji cha wauza sanaa za mikono, niwasalimie akina mama wa vikapu. Mama yangu alikuwa akisuka tabaga, kawa za Kinubi za rangi, kule Bombo, na kila nikipita hapa vidole vyangu vinakumbuka.

Jumba hili lilifunguliwa mwaka 1959. Waigizaji wa rika langu hatuingii bila kumfikiria Byron Kawadwa, mtunzi na mkurugenzi wa jumba hili, aliyekamatwa na kuuawa mwaka 1977 na watu wa Amin baada ya kutoka kwenye tamasha la Lagos na kikundi chake. Mimi natoka katika jamii iliyobeba lawama za utawala ule. Hakuna anayenilazimisha kulisema hilo, lakini nalisema kwa vijana wote ninaofanya nao mazoezi, kwa sababu wanapaswa kujua kwamba mtu alikufa kwa kazi hii hii wanayoichelewea kwa nusu saa. Nawatajia pia Rose Mbowa, mwigizaji na mwalimu wa Makerere aliyefariki mwaka 1999. Yeye hakuona haya kumweka mwanamke wa kijijini katikati ya jukwaa, na ngoma zake na lugha yake.

Katika igizo tunalolifanyia mazoezi hapa mimi ni mwanamume: mzee anayelinda ghala la kahawa usiku. Mwongozaji alihangaika kupata mzee wa kiume mwenye subira ya kukaa jukwaani muda mrefu bila neno. Nikamwomba anijaribu. Vijana walidhani nitabandika ndevu na kukoroma. Sikubandika kitu. Nilianzia miguuni. Mlinzi anayesimama usiku kucha huhamisha uzito kutoka kisigino hadi kisigino, hafungi magoti, na akiketi huanza kwa kushika kitu. Kisha pumzi: hutoka kwa pua, fupi, kwa sababu ya baridi. Sauti nikaiacha ilivyo.

Kijana mmoja aliuliza kama watazamaji watakubali. Nikamwambia habari za Linda Hunt, Mmarekani mwenye kimo cha sentimita 145 hivi, ambaye mwaka 1984 alipewa tuzo ya Oscar kwa kuigiza mwanamume mpiga picha. Alikuwa wa kwanza kushinda kwa kuigiza mhusika wa jinsia isiyo yake. Nadhani hawakunisadiki, maana simu zilitoka mifukoni papo hapo.

Leo tumebishana juu ya redio. Mwongozaji anataka mzee awe na redio ndogo inayoimba. Mimi nasema mlinzi mwenye redio hasikii wezi, hivyo mzee huyu anaifungua kwa muda wa taarifa ya habari tu, kisha anaizima na kuifunika kwa kofia. Tulijaribu yote mawili. Kofia imepita. Wimbo umebaki mahali pamoja, anapodhani yuko peke yake.

Saa 4 usiku. Yule binti wa asubuhi ameniandikia ujumbe. Amepewa uhusika wa mwanamke mlevi katika filamu, siku mbili za kazi, na rafiki zake wanamwambia akatae asijichafulie jina. Anauliza, "Mama, nifanyeje?"

Nimempigia simu, maana mambo haya hayaandikwi. Nimemuuliza mlevi huyo anafanya kazi gani akiwa hajanywa. Hajui, skripti haisemi. Basi tumekubaliana: kesho saa 11 na nusu alfajiri tukutane Kalerwe, malori ya matoke na kabichi yanaposhusha. Wako wanawake pale wanaobeba magunia tangu giza, na saa 3 asubuhi wameshalipwa na siku yao imekwisha. Avae viatu vya kufunga, aje na pesa ya kununua kitu ili tusimame bila kumzuia mtu njia, na simu ikae mfukoni. Hatupigi picha. Tunatazama migongo.