Kumbukumbu ya mradi wangu: kuacha kumbana farasi kwa magoti

Lengo

Nataka kukaa kwenye tandiko bila kujishikilia kwa magoti, basi. Misuli ya mbele ya nyonga ikikaza, goti hupanda, kisigino huinuka, na mpandaji huishia kuketi kama yuko kitini. Xenophon, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alishaukataa mkao huo. Alitaka mtu akae kama aliyesimama huku ametanua miguu. Mpango ni yoga na Pilates (mazoezi ya polepole ya kuimarisha kiwiliwili) mkekani siku nisizopanda, na dakika chache kabla ya kupanda.

Mwanzo: yoga

Nimeanza na mkao wa njiwa: goti moja limekunjwa mbele, mguu mwingine umenyooka nyuma. Upande wa kulia nashuka bila shida. Kushoto nyonga inagoma, inaning'inia, hadi niiwekee blanketi lililokunjwa. Mwalimu wangu wa farasi hachoki kuniambia, "Unalalia kulia!" Sasa naona hata mkekani mwili wangu una upande wake. Mpandaji akiegemea upande mmoja, tandiko nalo hufuata, na mgongo wa farasi ndio unaobeba hasara.

Kisha Pilates

Zoezi lililonisaidia kuliko yote halivutii hata kidogo kulitazama. Nalala chali, magoti juu ya nyonga, mikono imeelekea dari. Natoa pumzi huku nikishusha mkono wa kulia na mguu wa kushoto polepole, kisha nabadilisha. Kiuno kisijipinde. Siku za mwanzo kilijipinda kila mguu wa kushoto uliposhuka, kwa hiyo nikapunguza umbali: kisigino kinashuka kidogo tu, kinarudi. Nimelipenda pia kwa sababu linakwenda mshazari, jinsi farasi anavyokwenda matiti (mwendo wa kati, kasi kuliko kutembea), mguu wa mbele wa upande mmoja pamoja na wa nyuma wa upande wa pili.

Kuna wanaosema mpanda farasi anahitaji tumbo gumu tu. Sikubaliani nao. Tumbo lililokakamaa muda wote humfanya mtu arushwerushwe juu ya tandiko, maana nyonga haziwezi tena kufuata mgongo wa farasi. Kinachotakiwa ni kiwiliwili kitulie huku nyonga zikicheza. Yoga peke yake ilinilegeza bila kunipa kitu cha kunishikilia. Pilates ndiyo iliyoleta utulivu.

Juu ya farasi

Mabadiliko yameonekana kwanza kwenye mwendo wa kutembea. Mguu wa nyuma wa farasi unapoondoka ardhini na kwenda mbele, upande huo wa mgongo wake hushuka kidogo, na mfupa wa kalio langu hushuka nao. Zamani sikuhisi kitu. Sasa nafumba macho (farasi akiongozwa na mtu chini, tafadhali) na kutaja: kushoto, kulia, kushoto.

Pumzi nayo imepata kazi. Nikiizuia, mabega hupanda na hatamu hukaza bila kukusudia. Nikiitoa taratibu kabla ya kumsimamisha, mikono inabaki laini, naye hasimami kwa kushtuka. Mnyama anayetikisa ngozi nzi mmoja akimtua hawezi kukosa kuhisi hilo.

Kinachofuata

Mwendo wa matiti bila vikuku (vyuma vya kukanyagia vya tandiko), mizunguko michache kila upande, nikianza na kushoto. Mkao wa njiwa unabaki, blanketi pia.