Amplifaya mbili kwa gitaa moja: hatimaye besi imerudi

Kila amplifaya ikiwa peke yake ilitoa sauti nene. Nikiwasha zote mbili, besi inatoweka, gitaa linalia kama redio ndogo, na mvumo juu yake. Nilibadilisha kebo, nikaongeza besi, nikazisogeza. Wapi!

Kumbe spika zilikuwa zinapingana: moja ikisukuma hewa mbele, nyingine inavuta nyuma. Nilizima, nikachomoa plagi ukutani, nikapishanisha nyaya mbili nyuma ya spika ya amplifaya moja tu, waya wa chanya ukaenda kwenye hasi, na wa hasi kwenye chanya. Ukigeuza zote mbili, hujafanya kitu. Nilipopiga uzi wa sita, ule mnene kabisa, sakafu ilitetemeka!

Mvumo ulikwisha nilipogawa sauti ya gitaa kwenda amplifaya zote mbili kwa kisanduku chenye transfoma. Waya wa ethi (wa ardhini) wa amplifaya usiukate kamwe ili kuondoa mvumo, ndio unaokulinda na shoti.