Siku 20 za kusubiri Texas

Kwa miezi mitano niliufuatilia muswada mmoja wa jimbo letu la Texas, ukapita kamatini, kisha katika Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 150 na Seneti yenye maseneta 31, nami nikadhani safari imekwisha. Kumbe kikao cha siku 140 kikishafungwa, gavana hupewa siku 20 za kuamua. Akiutumia uwezo wake wa kura ya turufu wakati huo, theluthi mbili za kila baraza zinazohitajika kuitengua haziwezi kupatikana, kwa kuwa wabunge wameshatawanyika, na kikao cha kawaida huitishwa kila baada ya miaka miwili. Nilihesabu siku kwa hofu ya kweli. Muda ukaisha bila saini wala pingamizi, na kwa katiba ya jimbo, muswada ukawa sheria.